Kutunza ngozi unaposafiri kwa ndege: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa nini ngozi inakauka sana ndani ya ndege?

Kwa sababu hewa ya humo karibu haina maji. Kwenye kimo cha kilomita 10 hadi 12, hewa ya nje ina baridi ya nyuzi 50 hivi chini ya sifuri, na hewa yenye baridi kali namna hiyo hubeba mvuke kidogo mno. Ndiyo hiyo inayovutwa, kushindiliwa na kuingizwa ndani. Ikikufikia kitini imeshakuwa na joto la kawaida, ila maji hayakuongezwa. Mtu hujisikia vizuri chumbani unyevu wa hewa ukiwa kati ya asilimia 40 na 60. Ndani ya ndege huwa asilimia 10 hadi 20, na katika safari ndefu unaweza kushuka zaidi.

Unyevu mdogo uliomo hutoka hasa kwenye pumzi na jasho la abiria wenyewe. Ndiyo maana sehemu ya mbele, yenye viti vipana na watu wachache, mara nyingi huwa kavu kuliko nyuma walikobanana watu.

Tabaka la nje kabisa la ngozi limejengwa kama ukuta: seli zilizokufa ndizo matofali, na mafuta yaliyo katikati yake ndiyo udongo unaoyashikilia. Maji hupenya ukutani na kupotea hewani saa zote, hata usipotoka jasho. Hewa ikiwa kavu, yanapotea haraka zaidi ya yanavyorudishwa kutoka ndani. Ngozi inakakamaa, inapauka, na ile ya mashavuni inavuta unapocheka. Kwenye ngozi nyeusi weupe wa kupauka huonekana mapema, hasa kwenye miundi, viwiko na vifundo vya vidole. Kwenye ngozi nyeupe wekundu ndio hutangulia.

Si wangeongeza tu unyevu kwenye hewa?

Maji ni mzigo, na kila kilo hula mafuta. Tena mvuke ukigusa bodi la ndege lililopoa kwa baridi ya nje hugeuka matone, na matone hayo huleta kutu kwenye chuma na kulowesha vitu visivyopaswa kulowa. Ndege mpya kama Boeing 787 na Airbus A350, ambazo sehemu kubwa ya bodi lake si ya madini bali ya nyuzi za kaboni, huvumilia unyevu zaidi, na hewa yake ya ndani hushindiliwa hadi ilingane na ya kimo cha mita 1,800 hivi badala ya 2,400. Tofauti ipo na abiria wengi huihisi, lakini hata humo ngozi isiyopakwa kitu itakauka.

Nikinywa maji mengi ngozi haitakauka, sivyo?

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Kunywa maji ni jambo jema kwa koo, kichwa na damu. Lakini maji unayokunywa husambaa mwili mzima, na ngozi ya juu ndiyo hufikiwa mwisho. Ukinywa lita mbili na kuacha uso mtupu, utakwenda chooni mara nyingi na uso utabaki mkavu. Kinachosaidia ngozi ni kuziba njia ambayo maji yanatokea, na hiyo ni kazi ya mafuta yaliyo juu yake.

Kunywa kwa kiasi: glasi moja kila saa moja au mbili inatosha watu wengi. Kahawa au chai kikombe kimoja au viwili si tatizo. Pombe ndiyo ya kupunguza, kwa kuwa humfanya mtu akojoe zaidi, hutanua mishipa midogo ya uso, na humlaza usingizi mwepesi unaomwacha amevimba chini ya macho.

Nipake nini, na kwa mpangilio gani?

Vipakwa vya kulainisha ngozi hufanya kazi tatu, na vizuri huziunganisha.

Kwanza kuna vinavyovuta maji: glisarini, urea, asidi ya hailuroniki. Pili kuna vinavyojaza nyufa za ule ukuta: seramidi, siagi ya shea, mafuta ya mimea. Tatu kuna vinavyofunika juu ili maji yasitoke: mafuta ya mgando, nta ya nyuki, dimethikoni.

Ndani ya ndege aina ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika. Seramu, yaani kimiminika chepesi cha kupaka usoni, yenye asidi ya hailuroniki hufanya kazi nzuri penye hewa yenye maji. Ukiipaka peke yake kwenye hewa kavu, maji iliyoyashika hupaa nayo ikabaki kama utando mkavu unaovuta ngozi. Si lazima uiache, ila usiiache bila kifuniko.

Mpangilio unaofaa ni huu. Osha uso kwa sabuni laini, ufute kwa kugusagusa na taulo, uuache ukiwa na unyevunyevu. Paka seramu kama unatumia. Kabla haijakauka, paka krimu nzito yenye glisarini na seramidi, kiasi cha nusu kijiko cha chai kwa uso na shingo. Malizia na mafuta ya mgando, kiasi cha punje ya njegere, uliyoyayeyusha kati ya viganja, ukibandika tu mashavuni, pembeni mwa pua na chini ya macho. Mwenye ngozi ya mafuta aruke hatua hiyo ya mwisho, isipokuwa kwenye midomo.

Losheni za maji za kwenye chupa ya pampu ni nyepesi mno kwa safari inayozidi saa nne. Krimu ya kwenye kopo au tyubu ndiyo ya kubeba.

Nipake kabla ya kupanda au nikiwa ndani?

Kabla. Krimu iliyopakwa nyumbani, dakika 30 hadi 60 kabla ya kutoka, huwa imeshatulia na inazuia hasara tangu mwanzo. Ukisubiri mpaka ngozi iwashe, unaziba ukuta ambao maji yake yameshapotea. Mwili nao upake wote mara baada ya kuoga, sio uso tu. Suruali na blanketi havizuii ngozi ya miguu kukauka.

Safari ya saa moja au mbili haihitaji kitu kingine. Kwa safari ndefu, rudia uso kila baada ya saa nne au tano, na ulale ukiwa umepaka. Takasa mikono kwanza, kila mara.

Vipi kuhusu maji ya kupulizia usoni?

Yanaburudisha kwa dakika chache, kisha yanapopaa ngozi inabaki kavu kuliko ilivyokuwa. Ukiyapenda, pulizia halafu paka krimu papo hapo juu ya ule umaji. Usipulizie hewani kana kwamba upo peke yako, kwa sababu jirani yako anaweza kuwa na mzio wa manukato.

Na barakoa za karatasi zilizolowekwa seramu?

Si vibaya, mradi zikae dakika 15 hadi 20 tu. Kosa ni kulala nayo. Karatasi ikianza kukauka, hunyonya maji kutoka kwenye ngozi ileile uliyotaka kuilowesha. Ivue ikiwa bado mbichi, kanda kilichobaki usoni, kisha funika na krimu. Tungeshauri zaidi uitumie hotelini au nyumbani usiku wa kuamkia safari.

Je, nivae vipodozi?

Unaweza, lakini poda na fandesheni zisizong'aa zimetengenezwa ili zinyonye mafuta, na ukiwa angani mafuta ndiyo unayoyahitaji. Zinakauka, zinaingia kwenye mikunjo, na kufikia saa ya tatu uso unaonekana umezeeka. Kama unatua moja kwa moja kwenye mkutano, panda ukiwa na krimu tupu, kisha jipake dakika 40 kabla ya kutua, kabla taa ya mikanda haijawaka.

Kufuta vipodozi kwa vitambaa vyenye dawa ni rahisi, ila sabuni yake hubaki usoni na kuchoma taratibu. Ukitumia, pitisha baadaye pamba iliyoloweshwa maji ya chupa.

Midomo yangu hupasuka kila safari. Nifanyeje?

Midomo haina tezi za mafuta kama ngozi nyingine na tabaka lake la nje ni jembamba, kwa hiyo hutangulia kuumia. Acha kuilamba: mate yanapokauka huondoka na unyevu, na vimeng'enya vyake vya kumeng'enya chakula huchokoza ngozi. Paka mafuta ya mgando au balmu yenye nta kila saa mbili na kila baada ya kula. Epuka balmu zenye mentholi, kafuri au mdalasini. Ule ubaridi au mchomo unaousikia ni mwasho, si tiba.

Pua nayo hukauka mpaka ikatoka damu kwa baadhi ya watu. Dawa ya kupulizia ya maji ya chumvi kila baada ya saa chache ni salama. Ukipendelea mafuta ya mgando, paka safu nyembamba kwa ncha ya kidole mlangoni mwa pua tu, usisukume ndani.

Kuna wakati mafuta ya mgando hayafai?

Upo mmoja mzito. Abiria anayesafiri huku akitumia oksijeni ya matibabu asipake mafuta ya mgando wala kipakwa chochote chenye asili ya petroli usoni au puani, kwa sababu penye oksijeni nyingi mafuta hayo yanaweza kushika moto. Atumie jeli au krimu yenye msingi wa maji, na amuulize daktari wake kabla ya siku ya safari.

Mikono nayo?

Mikono huumia mara mbili, kwa hewa na kwa kusafishwa. Kuisafisha ni lazima, kwani meza ya kukunja, mkanda na kitasa cha choo vimeguswa na wengi. Sanitaiza yenye kilevi kisichopungua asilimia 60, na glisarini ndani yake, huharibu ngozi kidogo kuliko sabuni ya majimaji ya chooni. Isubiri ikauke kabisa, sekunde 20 hivi, ndipo upake krimu ya mikono. Ukichanganya zote mbili zikiwa mbichi unapunguza nguvu ya sanitaiza.

Hewa inayopuliza juu ya kiti niifunge?

Usiifunge. Igeuze tu isikupige usoni. Ielekeze mbele yako, kuelekea magotini. Upepo unaopita juu ya ngozi huongeza kasi ya maji kupaa, kama nguo kwenye kamba siku ya upepo.

Kwa nini hupata chunusi siku mbili baada ya safari?

Ndege yenyewe haileti chunusi. Huletwa na mambo yanayokutana siku hiyo: usingizi uliokatika, mikono inayoshika uso, mto na blanketi zisizo zako, na pengine krimu nzito uliyoanza kuitumia ghafla. Huko nyuma watu waliambiwa kwamba ngozi ikikauka huzalisha mafuta mengi kufidia. Usiutegemee sana huo ufafanuzi. Tatizo kubwa zaidi ni ngozi iliyochubuka kutokana na ukavu, ambayo huvimba kwa vitu vilivyokuwa haviisumbui.

Mwenye chunusi achague krimu isiyoziba vinyweleo, yenye glisarini na dimethikoni, aliyokwisha kuijaribu nyumbani angalau wiki moja. Siku ya safari si siku ya kujaribu kitu kipya. Funika kichwa cha kiti kwa skafu safi ya pamba, na usitumbue chochote ukiwa angani.

Natumia retinoli au asidi za kuchubua. Niendelee?

Simamisha usiku mbili au tatu kabla ya safari ndefu, na urudie ngozi ikishatulia. Dawa hizi huharakisha kubanduka kwa tabaka la juu, yaani lile hasa unalolihitaji liwe zima. Hali kadhalika kunyoa: nyoa jana yake. Wembe huondoa nywele pamoja na sehemu ya tabaka la nje, na kidevu kilichonyolewa asubuhi kitawasha mpaka jioni.

Kama umefanyiwa matibabu ya leza au ya kuchubua kwa kina, usikate tiketi bila kumuuliza aliyekuhudumia.

Nina ukurutu, au pumu ya ngozi. Kuna la ziada?

Lipo, na lifanye mapema. Anza kupaka marhamu mara mbili au tatu kwa siku tangu siku tatu kabla, ili uingie ndegeni ukuta ukiwa imara. Vaa pamba laini inayogusa mwili. Sufu na mishono migumu huchokoza. Beba shuka au skafu yako badala ya kutegemea blanketi la ndegeni, ambalo huenda limefuliwa kwa sabuni yenye manukato.

Dawa zako zote, pamoja na krimu ya steroidi uliyoandikiwa, ziwe kwenye begi la mkononi katika boksi lake lenye jina lako, na nakala ya cheti cha daktari. Begi la chini likichelewa siku mbili, ukurutu hausubiri. Mwasho ukianza, bonyeza mahali hapo kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kwa dakika tano, kisha paka marhamu mara moja. Kucha ziwe fupi.

Je, jua linafika kupitia dirishani?

Kwa sehemu. Madirisha ya ndege huzuia karibu miale yote ya UVB, ile inayobabua ngozi. Miale ya UVA, inayopenya ndani zaidi na kuongeza mikunjo na madoa, huzuiwa kwa viwango tofauti kulingana na kioo. Na miale huwa mikali zaidi kadiri unavyopanda, huku mawingu meupe chini yakiirudisha juu. Marubani na wahudumu wa ndege wameonekana katika tafiti kupata saratani ya ngozi ya melanoma zaidi ya watu wengine, ingawa sababu yake bado inajadiliwa.

Kwa abiria wa mara mojamoja jambo hili ni jepesi. Ukikaa dirishani mchana, shusha pazia, au paka losheni ya kuzuia jua ya SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) 30 au zaidi inayokinga pia UVA: mistari miwili ya urefu wa kidole cha shahada na cha kati inatosha uso na shingo. Wenye madoa meusi wasilipuuze hili hata kama ngozi yao ni nyeusi, kwa sababu UVA huyakoza.

Miguu huvimba na ngozi inavuta. Losheni itasaidia?

Losheni husaidia ukavu, sio uvimbe. Miguu huvimba kwa sababu umekaa na damu inashuka. Simama utembee kila saa moja au mbili, na ukiwa kitini kunja na kunjua vifundo mara 20. Kama unavaa soksi za kubana, paka mafuta usiku wa jana yake, sio asubuhi: mafuta mabichi huzifanya ziteleze na huchosha mpira wake. Hakikisha hazina mikunjo, maana mkunjo mmoja nyuma ya goti kwa saa nane huacha jeraha.

Mguu mmoja tu ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, wakati wa safari au siku kadhaa baadaye, nenda hospitali siku hiyohiyo. Inaweza kuwa damu iliyoganda.

Mtoto mchanga apakwe nini?

Mafuta mazito yasiyo na manukato, usoni na mwilini, kabla ya kupanda. Rudia mashavuni na kidevuni kila baada ya kunyonya, kwa kuwa mate na maziwa yanapokauka hubabua. Badilisha nepi kabla ya kupanda na uweke safu ya krimu ya kukinga, kwani huenda ukazuiwa kusimama kwa muda mrefu. Chini ya miezi sita usitumie losheni ya jua. Tumia pazia na nguo.

Ninaruhusiwa kupita na nini kwenye ukaguzi?

Kanuni iliyoenea tangu 2006 ni kwamba kila chombo cha majimaji, jeli, krimu au dawa ya kupulizia kisizidi mililita 100, na vyote viingie kwenye mfuko mmoja unaoonyesha wenye ujazo wa lita moja, unaofungika. Kinachoangaliwa ni ukubwa wa chombo, sio kilichobaki ndani: tyubu ya mililita 150 iliyobaki robo itachukuliwa. Viwanja vingine vyenye mashine mpya vimelegeza kanuni hii, lakini ukiunganisha safari, kiwanja cha pili kinaweza kuwa bado kinaifuata. Jiandae kwa kilicho kikali.

Mafuta ya mgando na balmu za kopo huhesabiwa kama jeli. Sabuni ya mche haihesabiwi. Kwa safari ya saa 12, krimu ya uso mililita 30, krimu ya mikono mililita 30, kopo dogo la mafuta ya mgando na sanitaiza mililita 50 vinatosha, na nafasi inabaki.

Kwa nini tyubu zangu hufurika zikiwa juu?

Shinikizo la hewa ndani ya ndege ni dogo kuliko la ardhini, kwa hiyo hewa iliyofungiwa ndani ya chupa hutanuka kwa karibu theluthi moja na kusukuma krimu nje. Kamua hewa yote kabla ya kufunga kifuniko. Chupa ngumu ijaze karibu na mdomo, kwa sababu nafasi tupu ndiyo inayotanuka. Weka kipande cha nailoni chini ya kifuniko, kisha uskrubu. Ukifungua angani, elekeza mdomo wa chupa mbali na nguo na ufungue polepole.

Nikishatua nifanye nini kwanza?

Oga kwa maji ya uvuguvugu, dakika tano hadi kumi. Maji ya moto yanavutia baada ya uchovu, lakini huyeyusha mafuta yaliyobaki kwenye ngozi. Sabuni ipake kwapani, sehemu za siri na miguuni. Mikono na mgongo havijachafuka kiasi cha kuhitaji povu. Usisugue kwa dodoki wala kwa chembechembe ili kuondoa weupe, kwani weupe huo ni ukavu, sio uchafu. Jifute kidogo, na ndani ya dakika tatu paka krimu mwili mzima.

Ngozi yenye afya hurudi sawa kwa siku moja au mbili. Ikibaki na mabaka yanayowasha zaidi ya wiki, muone daktari wa ngozi.

Vipele vikinitoka ghafla nikiwa bado angani?

Angalia vinavyofuatana navyo. Vipele vya mwasho peke yake, mahali ulipopaka kitu kipya, vinahitaji kuoshwa kwa maji na kuachwa. Lakini mabaka yaliyoinuka yanayosambaa upesi, pamoja na midomo au ulimi kuvimba, sauti kubadilika, kifua kubana au kizunguzungu, ni dharura. Bonyeza kitufe cha kumwita mhudumu papo hapo na useme wazi kwamba unapata shida ya kupumua. Mwenye sindano ya adrenalini aliyoandikiwa aichome bila kungoja, na aiweke siku zote mfukoni au chini ya kiti cha mbele yake, sio kwenye kabati la juu.